Binti aliyeandika 56, sisi tukasoma 07

Kisa hiki ni cha shule ya msingi ya Kikatoliki ninakofundisha hisabati. Jina la shule, la mji na la nchi nimeyaondoa, pamoja na lolote linaloweza kumtambulisha mtoto au familia yake. Makosa sikuyaondoa, maana ndiyo yaliyonifanya niandike, na lililo kubwa kuliko yote ni langu.

Alivyofika

Alikuja Jumatatu ya wiki ya tatu ya muhula, ameshikwa mkono na mama yake. Umri wake miaka 11. Mama alibeba mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na alipoufungua mbele ya meza ya Sista mkuu wa shule, zilitoka karatasi moja ya usajili wa wakimbizi iliyokunjwa mara nne na daftari lenye jalada la kijani. Cheti cha kuzaliwa hakikuwamo, wala barua ya uhamisho, wala ripoti ya shule aliyotoka. Fomu yetu ya kujiunga inadai vyote vitatu.

Sista aliisoma ile karatasi, akairudisha kwa mikono miwili. "Mama, mtoto ataanza leo. Karatasi nyingine tutazitafuta akiwa darasani."

Hapo ndipo tulipofanya vizuri kuliko popote pengine katika kisa hiki, kwa hiyo nianze kwa kusema hivyo. Ripoti ya elimu ya mwaka 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, ilihesabu watoto wakimbizi milioni 14.8 wenye umri wa kwenda shule, na zaidi ya nusu yao hawakuwa shuleni. Wapo wanaokwama mlangoni kwa ajili ya karatasi moja tu. Mtu anayekimbia usiku hawezi kurudi kuchukua ripoti ya muhula. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 22, unazitaka nchi zilizouridhia zimpe mkimbizi elimu ya msingi kama zinavyompa raia, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitambua elimu kuwa haki ya kila mtoto. Sista alimpa yule binti kilicho chake. Nasisitiza hili kwa sababu siku chache baadaye tulianza kulitendea jambo lile lile kama zawadi yetu kwake, na mambo yakaanza kupinda.

Jaribio la dakika 40

Utaratibu wetu ni kwamba mwanafunzi mgeni hupewa jaribio la lugha na la hisabati ili tujue akae darasa gani. Kwa lugha hakujibu kitu, na hatukushangaa, kwani alikuwa amefika nchini miezi michache tu nyuma na lugha ya kufundishia hakuijua. Hisabati nilimsimamia na kumsahihishia mimi.

Maswali yalikuwa 20, ya namba tupu bila maelezo, ili lugha isimzuie. Aliandika haraka. Nakumbuka wepesi ule, na nakumbuka pia nilivyoufasiri: nilidhani anabahatisha. Saba mara nane, kwa macho yangu, alijibu 07. Sitini toa tano alijibu 00. Maswali mengine aliweka alama ambazo kwangu hazikuwa namba kabisa, mojawapo ikifanana na herufi V. Nilimpa 4 kati ya 20. Niliandika chini ya karatasi kwamba hana msingi wa hisabati na kwamba inaelekea hajawahi kusoma mfululizo.

Kwa maneno hayo mawili matatu ya kalamu yangu, binti wa miaka 11 akapelekwa darasa la pili.

Makofi ya paredi

Jumatano yake tulimsimamisha mbele ya shule nzima. Nia ilikuwa njema na sina shaka nayo. Mwalimu wa zamu alieleza kwamba tumepata mgeni, ni mkimbizi, amepitia mengi, na kila mtoto amwonyeshe upendo wa Kristo. Wanafunzi walipiga makofi. Walikuwa wamechangishana sare, begi na viatu, na alikabidhiwa pale pale. Picha ikapigwa, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi, na chini yake mstari wa Mathayo 25 unaosema nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.

Katika picha ile amekumbatia viatu kifuani na anatazama chini. Tuliipita kila siku kwa wiki tisa.

Kabla ya paredi ile watoto walikuwa hawajui wamwite nani. Baada yake walimwita "mkimbizi". Mkimbizi njoo, mkimbizi sogea, na wala hawakuwa wakimtukana. Wametumia neno tulilowapa. Sisi walimu nasi jina lake lenye silabi nne tulilikata tukabakiza mbili, eti ni rahisi kutamka, na rejista ikaandikwa hivyo hivyo.

Darasa la pili madawati ni mafupi. Magoti yake yaligonga chini ya meza, akawa anakaa upande, miguu nje kwenye njia. Wenzake wengi walikuwa na miaka saba au minane. Mwalimu wake, mtu mwenye moyo mzuri sana, aliniambia mara mbili au tatu kwamba mtoto ni mtulivu, anaandika vizuri, na kwamba "sasa ameanza kujua kuandika namba". Hakusema neno lolote darasani. Tulielezana kwamba ni majeraha ya vita, na kwamba tumpe muda.

Labda yalikuwamo majeraha, sikatai. Ila yapo mambo mawili ambayo mwalimu yeyote anapaswa kuyatazama kabla ya kufika huko. La kwanza ni kwamba mtoto anayeingizwa kwenye lugha mpya mara nyingi huwa na kipindi cha ukimya. Anasikiliza kwa wiki kadhaa, hata miezi, ndipo aanze kutoa maneno, na ukimya huo ni kazi anayoifanya kichwani. La pili ni rahisi zaidi: mtu wa miaka 11 akiketishwa na watoto wa miaka saba kufundishwa mbili jumlisha tatu, hana cha kusema. Neno "majeraha" lilitusaidia sisi kuliko lilivyomsaidia yeye. Tatizo likiwa ni vita, basi halikuwa ratiba yetu.

Katika faili lake, sehemu ya mpango wa msaada, tuliandika: atasaidiwa lugha kadiri nafasi itakavyopatikana. Nimefundisha miaka mingi na sijaona hata mara moja nafasi ikipatikana yenyewe.

Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi shule ina Misa. Binti huyu ni Mwislamu, na fomu ya kujiunga ilisema hivyo wazi. Hakuna aliyekaa naye, wala na mama yake, kueleza Ijumaa kuna nini, nani anapaswa kufanya nini, na kwamba anaweza asihudhurie. Tulichukulia kwamba inajulikana.

Ijumaa ya kwanza alikaa kwenye benchi. Ijumaa ya pili, wakati wa komunyo, benchi zima liliinuka, naye, ili asibaki peke yake, akainuka pia na kuingia mstarini. Wasiokomunika kwetu hukunja mikono kifuani na kupokea baraka. Alimwiga aliyemtangulia. Padre akamwekea mkono kichwani, akambariki, naye binti akarudi kukaa. Walimu tuliokuwapo tuliguswa. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Mungu ana njia zake."

Nyumbani mtoto alimweleza mama yake yaliyotokea, kama mtoto anavyoeleza. Mama alisikia kwamba binti yake amepelekwa mbele ya altare, padre akamshika kichwa na kumsomea maneno. Hakuja kulalamika. Atalalamikaje kwa watu waliompokea mwanawe bila karatasi, wakamvisha na kumpa viatu? Alifanya alichoweza: Ijumaa zilizofuata mtoto "aliumwa tumbo", na mwishowe hakuja shule kabisa kwa majuma mawili. Katika rejista ya mahudhurio mtu aliandika: mzazi hana mwamko wa elimu.

Haya yote yametokea katika Kanisa ambalo mafundisho yake yako wazi. Kanuni ya 748 ya Sheria za Kanisa inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, kuhusu elimu ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, linazitaja kwa upendo shule za Kikatoliki zinazosomesha hata wasio Wakatoliki. Hatukumlazimisha, tunaweza kusema. Lakini mtoto asiyejua lugha, asiyejua kwamba anaruhusiwa kubaki ameketi, aliyewekwa katikati ya benchi linaloinuka lote, amepewa uhuru gani? Mama alisoma hali ile kwa usahihi kuliko sisi. Shukrani ilikuwa imemfunga mdomo, na sisi ndio tuliompa ile shukrani ya hadharani kuibeba.

Daftari la kijani

Tulikwenda nyumbani kwao baada ya majuma yale mawili, Sista, mimi, na mwanamke mmoja anayejua lugha yao tuliyetafutiwa na ofisi ya jimbo ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki. Mara ya kwanza tulipoongea na mama, mkalimani alikuwa binti mwenyewe, kwa maneno machache ya lugha yetu aliyokuwa ameyaokota. Nalitaja hili kwa kuwa shule nyingi hufanya hivyo: mtoto anatafsiri kikao kinachomhusu yeye, anachagua la kumwambia mama na la kumficha, na kila upande unaondoka na kikao chake.

Sista aliomba radhi kwa habari ya Misa kabla ya kusema jambo lingine lolote. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mkalimani maneno machache, akainuka, akarudi na lile daftari. Akaniwekea mimi mkononi. "Anasema, Mwalimu, hukulifungua."

Ni kweli, nilikuwa sijalifungua. Daftari lilianzia upande wa kulia. Kurasa zimejaa sehemu, kugawanya kwa namba za tarakimu tatu, maeneo ya pembetatu, na vyema vya wino mwekundu vya mwalimu ambaye sitamjua kamwe. Na namba zake hazikuwa kama zetu. Zilikuwa zile tarakimu zinazotumika katika nchi kama Misri, Sudan na Iraq: ٥ ni tano, na kwa asiyejua ni sifuri. ٦ ni sita, nayo inafanana na 7. Saba huandikwa ٧, nane ٨, na sifuri ni nukta tu.

Saba mara nane ni ٥٦.

Nilirudi shuleni jioni ile nikaitafuta karatasi ya jaribio kabatini, nikasahihisha upya nikiwa na ile orodha ya tarakimu pembeni. Alipata 17. Yale majibu manne niliyokuwa nimempa vyema siku ya kwanza yalikuwa na 1 na 9 peke yake, kwa kuwa hizo mbili zinakaribia kufanana katika maandishi yote mawili. Na kule darasa la pili, alikokuwa "ameanza kujua kuandika namba", alikuwa amejifunza kuandika tarakimu zetu ndani ya siku chache bila kufundishwa na mtu, kisha akakaa wiki tisa akisubiri.

Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa na huruma tele, na ile huruma ndiyo iliyonifumba macho: nilitarajia kuona mtoto aliyepoteza kila kitu, kwa hiyo nilipoona asichojua sikuuliza zaidi. Ningemsahihishia mtoto wa daktari majibu kama 00 na 07, ningemwita nimuulize ameandika nini.

Kikao cha walimu

Kikao kilikuwa kigumu. Hakuna aliyepinga kumhamishia darasa la tano, maana ile karatasi ilipita mkono kwa mkono mezani. Ubishi ulikuja kwenye lugha. Mwalimu wa darasa la tano aliuliza swali ambalo halikuwa la uchoyo hata kidogo: "Nina watoto 48. Nani atampa huyu mmoja saa yake, na nani atawapa hao wengine yangu?" Mwingine akahofia wastani wa mitihani.

Padre mlezi wa shule alijibu kwa kusimulia habari za Padre Jacques, mtawa wa shirika la Wakarmeli, mkuu wa shule ya bweni ya wavulana huko Avon, Ufaransa. Mwaka 1943 aliwaandikisha wavulana watatu wa Kiyahudi kwa majina ya bandia, Hans-Helmut Michel, Jacques-France Halpern na Maurice Schlosser, na Lucien Weil, mtaalamu wa mimea, akampa kazi ya kufundisha. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi waliokuwa wameikalia Ufaransa, walifika tarehe 15 Januari 1944. Wavulana wote watatu na Weil waliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Padre Jacques alipelekwa kambini, akakombolewa Mei 1945 akiwa mgonjwa, akafa majuma machache baadaye.

Nilishaisikia habari hiyo kama habari ya ushujaa. Siku ile lililonishika ni rejista. Wavulana wale walikuwa wanafunzi, wakiketi darasani na kuandika mazoezi kama wengine. Weil alipewa somo la kufundisha. Hakuna aliyewekwa pembeni aonewe huruma. Na majina yao walinyang'anywa kwa sababu moja tu, kwamba bila hivyo wangekufa. Sisi tulilikata jina la mtoto wa watu kwa sababu lilitutatiza ulimi.

Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya mwaka 2018, alitaja vitenzi vinne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwahusisha. Sista aliviandika ubaoni, akatuuliza kila kimoja kina saa ngapi kwenye ratiba na ni cha nani. Kupokea kulikuwa na mtu wake. Vingine vitatu havikuwa na mtu.

Yaliyobadilika

Tulipotoka kikaoni kila jambo lilikuwa na mwenyewe. Lugha: dakika 40 kila siku, kipindi kilichotolewa kwenye muda wa katekesi na Misa ambao yeye hahudhurii, kikigawanywa kati ya mwalimu wa lugha na mimi, na zamu yangu ya usimamizi wa jioni ikachukuliwa na mwingine. Ijumaa anakaa maktaba na mwalimu, na mama alipewa barua ya lugha yake, iliyotafsiriwa na yule mwanamke, inayosema hivyo. Picha ilitolewa. Rejista ikaandikwa jina zima, na kila mwalimu akajifunza kulitamka. Ilituchukua asubuhi moja. Misaada ya vitu sasa hupita ofisini kwa mzazi, mlango umefungwa, kama mzazi mwingine yeyote mwenye shida anavyosaidiwa. Jaribio la kujiunga nalo nimelibadilisha: mgeni huandika kwanza 0 hadi 9 kwa jinsi alivyofundishwa kwao, juu kabisa ya karatasi. Ni mstari mmoja tu, na ungeokoa wiki tisa.

Siku ya kwanza darasa la tano nilimwita ubaoni kwa ishara, nikaandika 3/4 + 5/6. Alitafuta kigawe kidogo cha shirika, akaandika 9/12 na 10/12, akapata 19/12, kisha bila kuombwa akaigeuza kuwa 1 7/12, kwa tarakimu zetu. Darasa lilinyamaza. Sikuruhusu makofi.

Wiki ya tatu au ya nne hivi, nikiwa nimegeukia ubao, nilisikia sauti nisiyoijua: "Mwalimu, hapana." Nilikuwa nimesahau kubeba moja. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza darasani.

Sitaki ionekane kila kitu kilinyooka. Mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu kwa hisabati na karibu na mkia kwa lugha, na sayansi ilimwangusha kwa sababu maswali yalikuwa maneno matupu. Rafiki alikuwa naye mmoja wa kweli. Wasichana wawili tuliowachagua wawe wenzake walichoka mapema, na huyu mmoja alijichagua mwenyewe. Kuna watoto waliendelea kumwita mkimbizi mpaka mwisho, kwani neno likishatoka kwa mwalimu halirudi kwa tangazo. Mama alihudhuria kikao kimoja cha wazazi kati ya vitatu, akakaa nyuma karibu na mlango.

Muhula uliofuata walipata taarifa kwamba wanahamishwa, na walipewa siku chache. Mama alikuja na mkalimani kutuaga, nasi safari hii tulikuwa tumejiandaa. Katika bahasha ngumu Sista aliweka ripoti za mihula yote, barua ya uhamisho inayotaja darasa lake halisi na lugha alizosomea, nakala ya jaribio lenye alama 17, na maelezo yangu ya nusu ukurasa kuhusu tarakimu, kwa mwalimu atakayempokea. Mama alizihesabu karatasi moja moja. Kwenye barua ya uhamisho mhuri ulikuwa umefifia upande mmoja, haukusomeka vizuri. Sista aliichukua tena, akausukuma mhuri kwenye wino, akagonga upya, akaipuliza ikauke kabla ya kuirudisha kwenye bahasha.